Ulikuta mzigo umefungwa, mikono yako ilikuwa wapi?

Ndugu Mhariri,

Sijawahi kuandika gazetini. Nimelisoma gazeti lako tangu naendesha malori, nikishamaliza nalifungia chapati, na mengi yameniudhi nikayaacha yapite. Ile habari yenu ya kontena lililoiangukia bajaji imenishinda.

Zimenishinda sentensi mbili. Ya kwanza ya dereva, kwamba yeye mzigo aliukuta umeshafungwa. Ya pili ya mwandishi wako, ileile ya siku zote, kwamba chanzo ni uzembe wa dereva. Mmoja anajivua, mwingine anamvisha, na hakuna hata mmoja aliyetuambia kontena lilitokaje kwenye tela.

Kontena halifungwi kwa kamba, Mhariri. Linakaa juu ya loki nne, moja kila kona. Kichwa cha loki kinaingia kwenye tundu la kontena, unageuza mkono robo mzunguko, basi. Kuzizungukia zote nne hakuzidi dakika tatu, hata kwa mwenye kitambi kama mimi. Sasa nenda kaangalie baadhi ya matela yanayotoka mjini: loki moja imekatika, ya pili imeshikwa na kutu haigeuki, ya tatu imefungiwa waya wa nondo. Kontena la futi 40 linasafiri kwa kushikwa na loki moja na dua za mama mzazi wa dereva. Barabara ikinyooka linatulia. Dereva akiingia kipilefti kwa haraka, tela linakata kona na kontena linaendelea na safari yake.

Najua watakachosema vijana: kontena lina lakiri ya forodha, dereva haruhusiwi kulifungua. Kweli kabisa. Kama ndani vigae vimerundikwa upande mmoja na magodoro upande wa pili, dereva atajuaje? Hapo mkamtafute aliyepakia, maana sijawahi kusoma jina lake popote. Mpwa wangu anaendesha lori Marekani. Ananiambia sheria ya kule inamtaka dereva akague ufungaji kabla ya kuondoka, akague tena ndani ya maili 50 za mwanzo, yaani kama kilometa 80, na baada ya hapo kila saa 3 au kila maili 150, kinachotangulia. Mzigo wenye lakiri ambao dereva kaamriwa asiufungue wameutoa kwenye kanuni hiyo. Wana haki. Lakini loki ziko nje ya lakiri! Haihitaji kibali cha forodha kuinama ukachungulia chini ya kontena.

Nasema haya nikiwa na aibu yangu. Mwaka 1994 nilipakia mbao za paini Mafinga kuzipeleka Dar es Salaam. Wapakiaji walifunga alfajiri, na ukungu wa Mafinga mnaujua. Kamba za katani zilikuwa zimelowa chapachapa. Katani ikilowa hujikaza. Niliipiga kamba kofi ikalia kama ngoma, nikaridhika, nikasahau kwamba ikikauka hulegea. Tulipofika Ilula jua lilikuwa utosini. Utingo wangu akashuka kununua nyanya, akarudi akaniambia, "Suka, kamba ya nyuma inapumua." Nikamjibu tutaikaza Ruaha Mbuyuni, kwa sababu Ruaha Mbuyuni ndiko nilikopanga kula. Sasa kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni kuna Kitonga, ule mteremko mkali wa kona. Niliteremka na gia ya pili, polepole kiasi kwamba mtu wa miguu angenipita, na kwenye kona moja nikasikia nyuma kama mtu anamwaga kokoto. Mbao za juu zilikuwa zinatoka, moja, mbili, kisha fungu zima. Bwana mmoja alikuwa anapandisha baiskeli ya mkaa kwa kuisukuma. Zilimpata mguu wa kushoto. Hadi leo naiona kandambili yake ya bluu katikati ya lami, imekaa sawa kabisa kama ya mtu aliyevua mlangoni akaingia ndani. Alipona, mguu ukabaki mfupi. Askari aliyekuja akaandika mwendo kasi. Mwendo kasi, gia ya pili, Kitonga! Nikalipa faini harakaharaka na kushukuru, maana kosa aliloandika halikuwa langu, na langu hakuliandika. Tajiri hakuulizwa, wapakiaji hawakuulizwa, na juma lililofuata lori jingine likafungwa kwa kamba zilezile, ukungu uleule. Aliyekuwa anajua habari ya kamba ni mimi, utingo na mke wangu.

Ndiyo maana huyo dereva wa bajaji na kontena simcheki. Mimi niliambiwa kabisa.

Ila ningemwuliza mwandishi wako: tajiri wa lori hilo umempigia simu? Dereva akigoma kuondoka kwa sababu loki ni mbovu, jibu analopewa ni kuweka funguo mezani, getini wamejaa wanaozitaka. Kazi ya kufunga mzigo ni ya dereva, siipingi, lakini loki hanunui yeye, wala posho ya safari haina fungu la loki.

Na mkiwa huko, andikeni na kuhusu mawe. Lori likiharibika, utingo anaweka mawe makubwa kwenye matairi na matawi ya miti barabarani, kwa sababu zile pembetatu za kuakisi ziliuzwa zamani. Lori likipona wanaondoka, mawe yanabaki usiku mzima palepale kwenye lami yakisubiri pikipiki. Nani kawafundisha hivyo? Sisi tulikuwa na kila ubaya, lakini mawe tulikuwa tunaondoa.

Nimalizie na mizani. Tangu sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ianze kutumika kwetu mwaka 2019, kwenye mizani ya Vigwaza wanakupima kila ekseli, na mwisho wa jumla ni tani 56. Vizuri sana. Lakini lori la tani 55 zilizofungwa kwa uzi wa viatu litapimwa na kuambiwa lipite. Na kwa anayetoka Kurasini, kule bandarini Dar es Salaam, Vigwaza ni karibu na zile kilometa 80 za Wamarekani, tena lori limeshasimama lenyewe! Basi awekwe mtu mmoja pale, na mwingine kwenye geti la bandari, kila mmoja na rungu la mti mgumu. Kazi yake ni kugonga loki nne na kupiga kila kamba. Inayocheza, lori kando, na simu ipigwe kwa tajiri, siyo kwa dereva. Marungu nitayachonga mimi bure, mti upo uani. Mniambie tu niyapeleke ofisi gani.

Dereva mstaafu wa masafa marefu,
Makambako, Njombe