Kurasa zenu za teknolojia hazimwonyeshi kijana mlango uko wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na nikirefusha mnivumilie maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu. Mimi ni mfanyakazi wa kampuni inayotengeneza programu za kompyuta, naandika kodi za programu (yale maelekezo ambayo kompyuta inayafuata, sio kodi ya serikali) na siku hizi zaidi nasoma kodi za wenzangu, alafu wakija waombaji wa kazi mimi ni mmoja wa wanaokaa nao kwenye intavyuu. Gazeti lenu nalisoma na ukurasa wa teknolojia ndo naanza nao kabla ya michezo.

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu kanitumia picha ya ukurasa huo, kichwa cha habari kakizungushia kalamu nyekundu, kile kinachosema akili mnemba imemaliza kazi za maprograma. Chini yake kaandika, "Shangazi, sasa mimi najifunza nini hiki?" Ana mwaka na nusu anajifunza mwenyewe usiku kwa kompyuta ya kuazima, na mimi ndo niliyemwambia aanze. Nilikaa na ile meseji kama saa nzima sijajibu, manake nikimwambia habari yenu ni uongo mtupu namdanganya, na nikimwambia ni kweli namdanganya vilevile.

Kazini kwetu akili mnemba tunaitumia kila siku. Tangu GitHub Copilot, akili mnemba ya kumsaidia mtu kuandika kodi, ilipoanza kujaribiwa 2021, alafu ChatGPT ikatoka mwishoni mwa Novemba 2022, zile kazi za kuandika fomu, kurudia muundo uleule mara kumi, kubadilisha data kutoka umbo hili kwenda lile, hazitumalizii siku kama zamani. Na hizo ndo tulizokuwa tunampa mgeni aanzie, kwa hiyo mlango wa wanaoanza umebana kweli na sitaki kumficha mtu. Ila kodi ikizalishwa haraka lazima awepo wa kuisoma, wa kuuliza hii ikipewa sifuri inafanyaje, ikipewa jina lenye herufi mia mbili inafanyaje, intaneti ikikatika katikati ya malipo pesa inabaki upande gani. Hiyo kazi imeongezeka, na haina watu wa kutosha. Daniel Stenberg, yule Mswidi aliyeanzisha curl, programu ndogo ya kusafirisha data mtandaoni ambayo imo ndani ya simu, magari mpaka televisheni, amelalamika hadharani kwamba wanaletewa ripoti za hitilafu za usalama zilizotungwa na akili mnemba, zimeandikwa vizuri, zimepangwa vizuri, ukienda kuitafuta hiyo hitilafu kwenye kodi hamna. Wanaojitolea kwenye mradi wanapoteza masaa kuthibitisha kwamba kitu hakipo. Anayeweza kukaa na ripoti kama ile akasema hii ya kweli na hii siyo, na kwa nini, huyo mimi namtaka kesho asubuhi. Hilo halikuwemo kwenye habari yenu.

Mfano mwingine, mnaikumbuka ile Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zilivyogeuka bluu dunia nzima, ndege hazipai, mahospitali yanaahirisha matibabu? Magazeti mengi yaliweka picha za foleni viwanja vya ndege na hesabu ya hasara, na wengine waliandika Microsoft imeanguka, wakati chanzo kilikuwa ni apdeti ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta. Microsoft walikadiria kompyuta milioni 8.5 zimeguswa. Sasa kilichotokea ndani ndo utamu wenyewe kwa mtu anayejifunza hii kazi, na kampuni yenyewe ilikuja kukieleza hadharani: sehemu moja ya programu yao ilipangwa ipokee vitu 21, kodi iliyokuwa inaviingiza ilikuwa inaleta 20 tu. Mwanzoni hakuna aliyeona kitu kwa sababu hicho cha 21 kwenye majaribio kilikuwa kimewekewa alama ya kukubali chochote, kwa hiyo hakikuangaliwa. Siku ilipokuja apdeti inayokiangalia kweli, programu ikaenda kukitafuta mahali pasipo na kitu, ikasoma nje ya eneo lake la kumbukumbu, na kwa vile inakaa ndani kabisa kwenye kiini cha Windows, ule mfumo wa Microsoft unaoendesha kompyuta, ikaanguka na kompyuta nzima. Na apdeti ile haikupelekwa kwa kompyuta chache kwanza waone, ilipelekwa kwa wote.

Ishirini na moja na ishirini! Mtoto wa shule ya msingi anaelewa hiyo hesabu. Mngeiandika hivyo, kwa Kiswahili hiki hiki, kijana angefunga gazeti anajua kwa nini watu wanaandika majaribio na kwa nini apdeti inatolewa kidogokidogo. Mimi kwenye intavyuu swali langu kubwa ni moja, nieleze hitilafu moja uliyoifuatilia mpaka mwisho, yako au ya mtu mwingine, ilianzaje na ulijuaje. Wengi wananitajia lugha za kompyuta wanazozijua, tano, sita, nane, ila hitilafu hata moja hawana ya kunisimulia. Siwalaumu, hawajawahi kusimuliwa.

Ile ya Machi 2024 ndo iliniumiza zaidi, sikuiona kwenye kurasa zenu kabisa. Mhandisi mmoja, Andres Freund, alikuwa anapima kasi ya kazi yake ya hifadhidata akaona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kumechelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu. Mwingine angesema mtandao leo mzito akaendelea, yeye akafuatilia, akakuta ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux inayoendesha kompyuta nyingi za mtandaoni, kumefichwa mlango wa siri wa kumwingiza mtu bila ruhusa, kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alijifanya mchangiaji mwema zaidi ya miaka miwili, anatuma marekebisho, anasaidia, mpaka mwenye mradi, mtu mmoja aliyekuwa anautunza kwa kujitolea na ameshachoka, akamwamini akampa funguo. Matoleo yale yalikuwa hayajasambaa sana ndo tukapona. Hii ni habari ya ujasusi, ya uchovu wa mtu mmoja na ya macho ya mtu mwingine, ina kila kitu ambacho gazeti linataka, na pia inamwonyesha kijana kwamba hivi vitu vikubwa tunavyovitegemea vinatunzwa na watu wachache ambao wanahitaji msaada wa kweli. Siku ile nafasi ya toleo lenu ilijaa simu mpya yenye kamera kubwa zaidi.

Nije kwenye fursa, maana neno hilo mnalipenda. Fursa mnazoziandika ni mashindano ya siku mbili yenye zawadi, na kampuni changa imepata mamilioni ya wawekezaji. Sikatai, nazo ni habari, ila msomaji anabaki kuona teknolojia ni bahati nasibu. Kuna mpango wa Google Summer of Code, upo tangu 2005, mtu anafanya kazi ya kweli kwenye mradi wa programu huria, yaani ile ambayo kodi yake iko wazi kwa yeyote kuisoma na kuirekebisha, anasimamiwa na wenye mradi na analipwa posho, na tangu 2022 sio lazima uwe mwanafunzi wa chuo, ukiwa na miaka 18 na bado unaanza unaruhusiwa kuomba. Kuna mpango mwingine wa namna hiyo, Outreachy, unafanyika mara mbili kwa mwaka, wenyewe unawalenga watu ambao kwenye hii fani wamekuwa wakiachwa nje, na una kipindi ambacho mwombaji anatakiwa achangie kitu kwenye mradi kabla hajachaguliwa. Wengi wanaisikia hii mipango siku ya mwisho ya kuomba, tena kwenye kundi la meseji, ndo wanaanza kukimbizana. Wanaochaguliwa mara nyingi walishaanza kuonekana kwenye mradi miezi kabla, walirekebisha maelekezo yaliyopitwa na wakati, waliuliza maswali mazuri, wenye mradi wanawajua. Kwa hiyo habari ya mipango hii inatakiwa itoke mapema, na iseme kabisa kwamba hizi wiki za mwanzo zenye kazi ndogondogo ndo mtihani wenyewe, fomu inafuata tu.

Na mkiandika fursa andikeni na mitego yake. Mwenzangu kazini aliandikiwa na mtu aliyejiita mwajiri wa kampuni ya nje, mshahara mnono, maneno matamu, akatumiwa mradi wa mtihani aupakue, auendeshe, arekebishe hitilafu. Bahati yake alikuwa na mazoea ya kusoma kabla ya kuendesha. Katikati ya faili moja mlikuwa na mstari mrefu umesukumwa kulia mbali kabisa na macho, ambao ungeenda kuvuta programu nyingine ya kuiba nywila zake. Wataalamu wa usalama wamekuwa wakiueleza mtindo huu tangu 2023 na wanauhusisha na wadukuzi wa Korea Kaskazini. Kijana mwenye njaa ya kazi ataendesha huo mradi bila kuusoma, tena kwenye kompyuta ya kuazima kama ya yule binti wetu. Mtu asiyemjua akimtumia kodi aiendeshe, aifungue kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, isiyo na kitu chake ndani, au akatae. Sentensi moja hiyo kwenye gazeti inaokoa watu.

Kitu cha mwisho na hiki nakipenda kuliko vyote, ni Kiswahili chenyewe. Programu nyingi za huria zina tafsiri ya Kiswahili iliyoishia njiani au iliyofanywa na mashine, na hapo kuna kazi ambayo mtu hahitaji digrii kuianza. Angalia tu, mwandishi wa programu kwa Kiingereza anaandika ujumbe mmoja wenye nafasi wazi ya kitu na neno la kwamba kimefutwa, anautumia kwa kila kitu. Kwa Kiswahili haiwezekani. Faili limefutwa, picha imefutwa, ujumbe umefutwa, mtu kaondolewa, na vikiwa vingi tena vinabadilika, mafaili yamefutwa, picha zimefutwa. Ukilazimisha ujumbe mmoja unapata "watu 3 imefutwa", na msomaji anaona lugha yake imevunjwa na mashine. Dawa yake sio kutafsiri vizuri zaidi, ni kurudi kwenye kodi na kuugawa ule ujumbe kila kitu kipate sentensi yake, na anayejua hilo kutoka tumboni ni mzungumzaji wa lugha yenye ngeli. Hapo mjuzi wa lugha na mjuzi wa kodi wanakuwa mtu mmoja. Hata sauti zetu zinahitajika, mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za watu wakisoma sentensi, Kiswahili kimo, ili kompyuta zituelewe tukiongea.

Basi yule binti nilimjibu hivi, mlango wa kuandika kodi tupu umebana, nenda kwenye mlango wa kusoma na kurekebisha. Tukakaa kwenye simu mpaka usiku, akachagua programu moja ya kupangia kazi anayoitumia mwenyewe, akakuta hitilafu ya ngeli ya namna hiyo hiyo, akagawa ujumbe mmoja zikawa sentensi nne, akaandika maelezo kwa nini, akatuma. Jibu bado. Anafungua kuangalia kila asubuhi, ananiambia, na mimi nafungua pia.

Mhariri, ninachoomba ni kisehemu kidogo kila wiki, safu moja inatosha, hitilafu moja kubwa iliyotokea ielezwe ilivyotokea, na fursa moja iandikwe ikiwa na tarehe yake na kinachotakiwa kufanywa kabla ya hiyo tarehe. Na vichwa vya habari vya kusema kazi fulani imekwisha, kabla hamjavichapa mpigieni simu mtu mmoja anayeifanya hiyo kazi. Mkikosa wa kumpigia, au mkitaka mtu wa kuwapitishia hizo habari aone kama maneno ya kitaalamu yamekaa sawa, mimi nipo jioni nikishatoka kazini, na sihitaji malipo.

Msomaji wenu,
Mfanyakazi wa kampuni ya programu