Laptopu ndogo si kisingizio, pangeni vitufe vya zumu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwatetee vijana wanaopanga vijitabu vya mazishi, kadi za harusi na majarida ya shule huku River Road na Kirinyaga Road, maana kila siku wanaambiwa kazi hii haifanyiki kwa laptopu ndogo, watafute skrini kubwa kwanza. Pesa ya skrini itoke wapi na landilodi anapiga simu? Sikatai skrini ndogo inasumbua. Lakini shida kubwa hapo ni zumu, yaani kule kukuza na kupunguza ukurasa kwa skrini, na kupanga zumu hakulipishwi.

Chukua hizi laptopu za mitumba za Luthuli Avenue, nyingi skrini ni pikseli 1366 kwa 768. Fungua InDesign, ile programu ya kupanga kurasa, ondoa nafasi inayoliwa na menyu huko juu na taskbaa huko chini, halafu bonyeza Ctrl na 0 uone ukurasa mzima wa A4, utakuta umekuja kwa asilimia 60 hivi ama chini ya hapo. Sasa maandishi ya pointi 10 kwa asilimia 60 ni pointi 6, na InDesign ikiwa haijaguswa, chochote kinachoonekana chini ya pointi 7 inakichora kama mistari ya kijivu badala ya herufi. Kijana akiona hivyo anadhani fonti imepotea. Wala haijapotea, aingie Preferences, Display Performance, pale Greek Type Below aweke 2 na herufi zitarudi, ndogo lakini zipo.

Halafu kuna kule kupandisha na kushusha zumu. Ctrl na alama ya jumlisha inaruka ngazi, 100, 125, 150, na ile saizi inayojaza upana wa skrini yako vizuri haipo kwa hizo ngazi, kwa yangu ni 135. Ya haraka ni Ctrl, Alt na 5, kasanduku ka zumu kanafunguka, unaandika 135, Enter, basi. Inayonipendeza zaidi ni skripti, yaani kafaili ka amri, ya mstari mmoja, app.activeWindow.zoomPercentage = 135, unaihifadhi kwa folda ya skripti, kisha unaenda Edit, Keyboard Shortcuts, unachagua Scripts na kuipa kitufe chako. Seti ya vitufe iliyokuja na programu haikubali kubadilishwa, kwa hivyo tengeneza mpya na uipe jina, na kabla ya kubonyeza Assign angalia pale chini inapokuonyesha kama hivyo vitufe tayari vina kazi nyingine, usije ukaipokonya amri unayoitumia kila saa. Na tafadhali usiweke herufi moja tupu bila Ctrl ama Alt! Ukiipa Z kazi ya zumu, siku unachapa jina la marehemu Mzee Zakayo ukurasa unaruka na ile z ya Mzee haiingii, na familia iko hapo nyuma ya kiti inaangalia.

Kuna hii pia ya Ctrl, Alt na 2, inakurudisha kwa zumu uliyokuwa nayo kabla ya hii, yaani unakagua picha kwa karibu, unarudi kuona ukurasa wote, unaenda tena, maus haijaguswa. Kwa skrini ndogo hiyo peke yake inakuokolea muda mwingi sana, na bado nakutana na watu wamemaliza kozi nzima ya dizaini hawajawahi kuisikia. Walimu wanafundishia kwa skrini kubwa za darasani, mwanafunzi akirudi nyumbani Kayole na laptopu yake anaanza upya.

Wasio na pesa ya kulipia InDesign kila mwezi wana Scribus, programu nyingine ya kupanga kurasa, ni ya bure na nayo inakubali ubadilishe vitufe kwa Preferences, hata unaweza kutoa seti yako kama faili ukaiingiza kwa mashine nyingine. Ya InDesign nayo ni kafaili kanakoishia na .indk, kanatosha kwa flashi yoyote. Kwa hivyo wenye maduka mnaoajiri hawa vijana kwa siku, wakija na flashi zao waacheni waweke seti zao, ni dakika mbili tu, msiwafukuze mkisema wanaleta virusi.

Mpanga kurasa,
River Road, Nairobi