Kibanda cha mablanketi

Langoni, Lamu

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, joto la kaskazi tu ndilo linalotumaliza. Uliuliza kile kibanda cha kurekodia sauti ninachosafiri nacho nimekitengeneza vipi. Nakuandikia kwa sababu vipimo vya kuambiana kwenye simu vinaishia hewani.

Mwanzo nilidhani kitazuia kelele. Wapi! Punda akiamua kulia chini ya dirisha, hakuna blanketi la kumnyamazisha. Kazi ya kibanda ni kumeza mwangwi. Chumba changu, unakijua, ni cha nyumba ya kale: kuta za mawe ya matumbawe, nene kama dhiraa, zimepakwa chokaa, na chini saruji tupu. Ukipiga kofi moja unarudishiwa matatu. Soma tangazo humo, utasikika kama umetumbukia birikani.

Mifupa yake ni mabomba ya plastiki ya maji, ya nusu inchi. Fundi alinikatia vipande vya sentimita 60, maana mkoba wangu hauchukui zaidi. Naviunga kwa elibo (viungo vya kona) na tii (viungo vya njia tatu) bila gundi. Siku ya safari navichomoa. Juu natundika mablanketi mazito. Sponji nyembamba za dukani usipoteze pesa: zinameza sauti kali tu, zile nzito zinabaki, ukasikika umefungiwa sandukuni. Blanketi nalo usilivute likakaza. Liache na mikunjo kama pazia, liwe mbali na ukuta shubiri moja hivi.

Sasa sikiza lililonitesa wiki nzima. Nilikuwa nikizungushia mablanketi nyuma ya maikrofoni, na mwangwi uko palepale! Kumbe maikrofoni yangu husikia kwa mbele, yaani inanisikia mimi pamoja na ukuta ulio nyuma yangu. Nilipolihamishia blanketi zito kuliko yote nyuma ya kichwa changu, chumba kikanyamaza. Kwa hiyo ukiwa na blanketi moja tu, liweke hapo. Mdomo nao uwe shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, usiielekee moja kwa moja, la sivyo kila P itapasuka.

Narekodi usiku watu wakishalala, feni nimezima. Mteja wangu wa vitabu vya kusikiliza anataka kelele za chumba zisifike desibeli -60 (kwenye kipimo cha kurekodi sifuri ndiyo sauti kubwa kabisa, kadiri unavyoshuka chini yake ndivyo kimya kinavyozidi), kwa hiyo kwanza narekodi kimya cha nusu dakika nikaangalia. Mchana, na boti za injini zinapita, sithubutu. Dakika 20 humo ndani natoka nimelowa kama niliyeanguka baharini. Mama alinikuta usiku mmoja, akasimama mlangoni: "We Zuhura, huko ndani wasema na nani?" Ikabidi nianze ukurasa upya.

Ukija kwa Maulidi niletee vibanio vikubwa vya chuma, vile vya maseremala. Natumia vya kuanikia nguo, na juzi blanketi lote liliniangukia katikati ya sentensi.

Nisalimie watoto.

Shogako,
Zuhura