Sanduku lenye Makufuli Matatu: Risala ya Wanafunzi wa Wete kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwakilishi wa jimbo letu. Mwalimu Mkuu na walimu wetu. Masheha mliokubali wito wetu. Wazazi na wanafunzi wenzetu: Assalaamu alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja Wete kukaa na sisi wanachama wa Klabu ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ya skuli hii. Klabu hukutana kila Alhamisi baada ya masomo. Mwaka huu tuliamua kusoma jambo moja tu: tume na afisi huru zilizotajwa katika Katiba, na namna zinavyoifanya Serikali itoe hesabu kwa wananchi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulianzia nyumbani. Mama zetu wengi wamo katika vikundi vya kuweka na kukopa. Sanduku la kikundi lina makufuli matatu, funguo wanazo wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Mwenyekiti hana ufunguo hata mmoja. Hakuna anayemdhania wizi. Mpango huo unamlinda na yeye, asije akasemwa siku hesabu zikipinda. Klabu yetu haikuwa na utaratibu huo. Mwaka juzi michango ya safari ilipungua, na kwa kuwa aliyekusanya ndiye aliyeandika na ndiye aliyehesabu, hatukuwa na pa kuuliza. Safari ikafa. Sasa tuna wakaguzi watatu, na hakuna hata mmoja wao aliye kiongozi wa klabu.

Ndipo tukafungua Katiba. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inamweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu katika Ibara ya 112, na Tume ya Uchaguzi katika Ibara ya 119. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 129, inaunda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo inafanya kazi pia hapa Zanzibar tangu mwaka 2007. Ilichukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966, ambayo matokeo ya uchunguzi wake yalikuwa yakipelekwa kwa Rais.

Ibara ya 130 ya Katiba ya Muungano inasema Tume ya Haki za Binadamu ni huru, na hailazimiki kufuata maagizo ya mtu wala idara yoyote ya Serikali. Tulifurahi kusoma hivyo. Lakini maneno yanayofuata yanaeleza kwamba Rais anaweza kuipa Tume maelekezo akiridhika kuwa maslahi ya Taifa yanataka hivyo. Juu ya maneno hayo tulibishana Alhamisi mbili nzima. Wengi wetu tulibaki na msimamo kwamba anayekaguliwa asishike ufunguo, hata akiwa mtu mwema kiasi gani.

Tuliwatazama na majirani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina sura nzima, ya 15, yenye tume 10 na afisi huru 2. Kamishna asiyeingia kwa wadhifa wake hukaa kipindi kimoja cha miaka 6, basi, hana cha kumpendeza mtu ili aongezewe. Kumwondoa lazima kupitie Bunge na jopo la uchunguzi, na fungu la fedha la kila tume linasimama peke yake katika bajeti. Hatusemi Kenya wamemaliza matatizo yao. Tunachosema ni kwamba maswali waliyoyajibu kwa maandishi ndiyo ya kuuliza popote: nani anateua, nani analipa, nani anaweza kufukuza?

Swali la nne ndilo lililotukaa zaidi: nani analazimika kujibu? Mwaka 2001 wanakijiji wa Nyamuma, wilaya ya Serengeti, walihamishwa kwa nguvu. Walilalamika kwa Tume ya Haki za Binadamu, Tume ikachunguza ikapendekeza walipwe fidia, Serikali ikakataa, na shauri likafika mpaka Mahakama ya Rufani. Afrika Kusini, tarehe 31 Machi 2016, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba hatua zinazoagizwa na Mlinzi wa Umma, afisa huru anayechunguza mwenendo wa Serikali, haziwezi kupuuzwa hivi hivi; asiyeridhika aende mahakamani. Rais Jacob Zuma akalazimika kurudisha sehemu ya fedha za umma zilizotumika nyumbani kwake Nkandla, zikiwemo za bwawa la kuogelea na banda la kuku.

Kuhusu Tume ya Uchaguzi, Mheshimiwa, sisi wa Pemba hatuhitaji kuhadithiwa. Matokeo ya Oktoba 2015 yalifutwa, uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Tulikuwa wadogo, lakini tunakumbuka watu wa mtaa mmoja wasiouziana dukani wala kuzikana. Tume isipoaminiwa, maumivu yake yanaingia mpaka majumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe unakaa Chukwani, katika Baraza la Wawakilishi, ambako ripoti ya Mdhibiti hufikishwa na Kamati ya Hesabu za Serikali huifanyia kazi. Kwa heshima zote tunakuomba utuletee nakala za ripoti hiyo kila mwaka, moja ya maktaba yetu na moja kwa kila sheha wa jimbo. Tunakuomba pia, baada ya kikao, urudi kwetu utueleze ni hoja zipi zimejibiwa, zipi hazijajibiwa, na wewe mwenyewe ulisimama kuuliza nini. Tutakuwa tumekwisha kuisoma.

Ombi la mwisho ni nauli ya meli kwa wanachama ishirini, tuje Unguja tukae jukwaa la wageni siku ripoti inapojadiliwa. Fedha zikipatikana, hesabu zake zitakaguliwa na wale wakaguzi watatu, na utaletewa risiti zote.

Tunaomba kuwasilisha.