Ile sanamu ya Chukudu isiachwe hivi

Ndugu Muhariri,

Salamu kutoka Majengo, hapa Goma. Naandika juu ya ile sanamu ya Chukudu, yule mutu wa rangi ya dhahabu anasukuma chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, pale rond-point, kwenye muzunguko wa barabara. Wiki iliyopita nilipita asubuhi nikaona watu wamebandika makaratasi ya matangazo kule chini, vumbi imemujaa mpaka usoni, na kweli iliniuma roho.

Najua kuna wenye watasema muji uko na shida kubwa zaidi, maji, umeme, barabara, na hawakosei. Lakini mugeni akifika Goma anapiga picha wapi? Na sisi wenyewe tukipigia motari, mutu wa pikipiki ya kubeba watu, simu tunamuambia nini? "Unikute pale Chukudu." Hakuna anauliza Chukudu gani.

Baba yangu alisukuma chukudu miaka mingi, anatoka Kibumba na kabichi na viazi, anashuka na uzito wote ule goti moja juu ya ubao, freni ni kipande cha tairi tu anakikanyagia kwenye gurudumu la nyuma, na kurudi ni kusukuma kwa mikono mpaka juu. Mpaka leo ngozi ya goti lake ni ngumu kama soli ya kiatu. Ile kabichi ndiyo ilitusomesha sisi wote. Na 2002, lava ya volkano ilipopita katikati ya muji mpaka ziwani, magodoro yetu yalirudi nyumbani juu ya hiyo hiyo chukudu. Sasa siku moja tulikuwa naye pale rond-point akasimama, uso wa sanamu hakuuangalia hata, aliangalia mugongo na namna mutu ameinama, akasema "huyu anasukuma kweli", basi, tukaendelea. Mutu ambaye maisha yake yote magari yalimupigia honi atoke njiani, leo anaona mwenzake amewekwa juu na magari ndiyo yanamuzunguka.

Ndiyo maana nasema Goma ilichagua vizuri. Kinshasa, Wabelgiji walisimamisha sanamu ya mufalme wao Léopold II juu ya farasi, wakati wa Mobutu akaondolewa, halafu 2005 serikali ikamurudisha, hakumaliza hata siku mbili ikamushusha tena. Nani angemulilia? Wetu hana jina, si raisi si jenerali, ni mutu wa kazi, kila familia hapa iko na mutu kama huyo, kwa hiyo sioni nani atakuja kusema hamutaki.

Naomba wakubwa wa muji wamupangie mutu wa kumuosha na kumupaka rangi kila mwaka, na matangazo yatafutiwe ukuta ingine. Na siku mutataka kusimamisha kitu ingine kwenye rond-point ingine, muwaite kwanza mafundi wenye kuchonga chukudu, wale wanachukua mti wa ekaliptusi na panga na tezo wanatoa gurudumu la mviringo kwa macho tu bila kipimo. Mikono ya namna ile tuko nayo hapa hapa, haina haja ya kuagiza mutu mbali.

Mimi Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa pale na ndoo mbili za maji. Mwenye brashi aje nayo, ngazi nimeshaazima kwa jirani.

Musomaji wenu,
Majengo, Goma