Nashona chombo Tromsø

Tromsø, kaskazini mwa Norwei, 9 Januari

Swahibu yangu,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mama watoto na wadogo wote, na Mzee wako umpe mkono wangu kabla hujaendelea kusoma. Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Ile siku uliniuliza kwenye simu, "Huko kwenye giza mnashindaje?" nami nikakujibu kwa neno moja, kwamba naunda chombo cha baharini, mtandao ukakatika. Najua ulidhani nafanya mzaha. Nakaa sasa nikujibu kwa utulivu, maana wewe ni fundi na swali lako linataka jibu la fundi.

Jua tuliagana nalo mwishoni mwa Novemba. Kwa hesabu zao, tangu tarehe 27 Novemba hadi 15 Januari halipandi kabisa juu ya upeo, na kwa kuwa mji umezungukwa na milima, sisi wa mjini tunalisubiri mpaka kama tarehe 21. Siku hiyo watu hutoka nje kuangalia kusini na kula maandazi yaliyotiwa jemu, huyaita maandazi ya jua. Lakini usifikirie ni kiza cha kaburi saa zote. Ikifika adhuhuri unakuja mwanga wa buluu, kama ule wa alfajiri tulipokuwa tukifuatana na Mzee kwenda kutazama madema, unakaa saa mbili tatu, kisha unaondoka. Wala bahari haigandi, kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka kusini unafika hadi huku. Theluji inafunika milima na mapaa, na katikati yake maji meusi yanapita kama kawaida, na mashua juu yake.

Kinachonisumbua ni saa. Sisi saa zetu zinaanzia jua linapochomoza. Saa moja ya asubuhi ni saa moja tangu kuche. Hapa kusipokucha, saa moja ni ya nini? Hata sala, wengi wetu siku hizi tunafuata nyakati za Makka, vinginevyo hujui adhuhuri yako imekaa wapi.

Nikwambie jambo ambalo sikukwambia wakati ule. Majira yangu ya kwanza ya baridi niliumia. Nilikuwa nikitoka kazini nakula, nalala, naamka bado usiku, nalala tena. Kila uliponiuliza nilisema salama, na haikuwa salama. Nilikuwa nimekaa kama mtu aliyewekwa ndani ya gunia. Sikuwa na njaa wala ugonjwa wa kuuonyesha kwa kidole, ila siku hazikuwa na mpini wa kuzishikia.

Aliyenitoa ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mvuvi mstaafu. Watu wa huku hawaingiliani sana, na sikutarajia. Aliniona nimesimama kwenye chumba cha chini cha jengo letu, pale tunapoweka baiskeli, naangalia mashua yake. Ilikuwa ya babu yake, ya makasia manne. Wao huiita færing, na maana ya jina ni hiyohiyo, makasia manne. Akaniuliza kama kwetu kuna mashua. Nikacheka, nikamwambia mimi ni mtu wa Nungwi, Unguja. Nikamweleza pwani yetu, majahazi yaliyoegemezwa juu ya magogo, watoto tunatumwa pamba ya kukalafatia, na Mzee akipita na tezo mkononi haongei na mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa randa.

Sasa sikiliza habari ya mashua yao. Mbao za kwetu zinakutana ukingo kwa ukingo, na mwanya unajazwa pamba. Za kwao zinapandana, ubao wa juu unalalia wa chini kama makuti ya paa, na katikati wanaweka uzi wa sufu uliolowa lami ya msonobari. Wanapigilia misumari kutoka nje, na ndani kila msumari unavishwa kibati kidogo kisha ncha yake inapondwa. Wanaanza na mkuku, uti wa mgongo wa chombo, wanapandisha mbao, na mataruma, zile mbavu za ndani, yanakuja baadaye, yakichongwa kufuata umbo ambalo mbao zimeshalitengeneza. Chombo kinapata sura kwanza, mifupa inafuata. Hata mataruma wanayatafuta kama tunavyoyatafuta sisi: jirani yangu huenda msituni kukitaka kuingia baridi, anafukua visiki vya msonobari ili apate mzizi uliopinda wenyewe, kwa sababu mti uliopinda tangu mdogo haukatiki kama ule uliopindishwa kwa msumeno. Nilimwambia baba wa rafiki yangu alikuwa akizunguka shamba zima akitazama matawi ya mifenesi na miembe kwa jicho hilohilo. Alinyamaza sana, kisha akasema angependa kukaa naye. Mwaka 2021 ufundi huu wa mbao za kupandana, wa nchi zote tano za upande huu, uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi. Aliponieleza macho yake yalikuwa na maji, nami niliwaza mabanda ya pwani yetu.

Mashua kama yake siiwezi bado, na mbao zake ni ghali. Nimeanza na ndogo. Mwaka jana niliunda kijichombo cha kuonyesha, urefu wa mkono, nikakiharibu mara mbili, cha tatu kiko dirishani. Mwaka huu naunda mashua ya kweli: urefu mita 2.4, upana mita 1.2, omo, yaani mbele yake, imekatwa wima badala ya kuchongoka, ya watu wawili na makasia. Kabla sijakata chochote nilipima mlango. Una sentimita 90, kwa hiyo chombo kitatoka kwa ubavu, na nimehakikisha kina chake kinapita.

Ni ya plaiwudi ya baharini, milimita 6, mabamba mawili tu. Nilipoyanunua nikasoma mti wake: okume, kutoka Gabon. Nililishika lile bamba la rangi ya waridi iliyofifia nikajisikia kama nimekutana na mtu wa bara letu kituo cha basi. Huo mti umekatwa kwenye msitu wa ikweta, ukachunwa tabaka kwa tabaka, ukaja kuishia chini ya taa yangu huku juu kabisa.

Namna ya kuunda ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Chombo hiki hakipigwi misumari. Kinashonwa.

Unakata vipande vyako bapa, chini, ubavu wa kulia na wa kushoto, omo, na tezi ya nyuma. Ukiviweka sakafuni havifanani na chombo hata kidogo, vinafanana na nguo iliyokatwa na fundi cherehani. Unatoboa matundu kando ya kingo, moja baada ya jingine kwa nafasi ya kama sentimita 15, kisha unapitisha waya wa shaba tundu kwa tundu na kuusokota kwa koleo. Siku ya kwanza niliweka waya zote zikiwa zimelegea. Siku ya pili nikaanza kukaza, moja huku, moja kule, kidogo kidogo ili upande mmoja usivute mwenzake. Kama saa moja hivi hakuna kitu. Mara ubao ukaanza kulalamika, ukapinda, ubavu ukajifungua kwa nje, na chombo kikainuka chenyewe kutoka sakafuni. Sikuwa nimechonga lile umbo. Lilikuwa limo ndani ya zile kingo, likingoja kuvutwa. Nilikaa chini nikakiangalia mpaka taa ya ngazini, ile inayojizima yenyewe, ikazima.

Baadaye unajaza mishono kwa gundi ya epoksi iliyokorogwa na unga wa mbao, unalaza juu yake mkanda wa faibaglasi, waya unazikata. Njia hii ilienea miaka ya 60 huko Uingereza kwa mashua moja ndogo ya tanga iitwayo Mirror, iliyobuniwa mwaka 1962 ili mtu wa kawaida aweze kujiundia nyumbani, na zimeshaundwa zaidi ya 70,000. Vitabu vyao husema ni ubunifu wa wakati ule.

Nami nikaukumbuka mtepe. Unakumbuka safari ya shule, ule mtepe uliokuwa kwenye makumbusho ya Beit al-Ajaib kabla sehemu ya jengo haijaporomoka Desemba 2020? Mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba, tundu kwa tundu, na tanga la mkeka. Nilikuwa nimesimama karibu nikapitisha kidole kwenye mshono, mwalimu akanikemea. Kidole kile ndicho kilichokuwa kikipitisha waya wiki tatu zilizopita.

Nilimweleza jirani. Akaniambia huku pia walishona. Wasami, wenyeji wa kaskazini hii, walikuwa wakiunda mashua bila msumari, mbao zimefungwa kwa kano za wanyama. Katika karne ya 12 kulikuwa na mtu aliyekuwa akigombea ufalme wa Norwei, Sigurd Slembe, akajificha huku kaskazini majira ya baridi, na Wasami wakamuundia mashua mbili za kushonwa ndani ya ghuba, baridi hiyohiyo. Fikiria, swahibu. Miaka karibu 900 iliyopita, kwenye giza hilihili, watu wameinamia mbao wanashona, na upande wetu watu nao wameinama mchangani wanashona, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Nisikufiche, nilikosea pia. Chumba kile kina baridi, nilipima nikakuta nyuzi 8, na gundi inataka joto. Nikapaka hivyohivyo kwa haraka zangu. Siku nne baadaye ilikuwa bado inanata kama asali. Niliikwangua yote kwa patasi, jioni mbili nzima, nikajenga hema la nailoni juu ya chombo na kuweka hita ndogo ndani mpaka ikafika nyuzi 18. Safari hii imeshika. Mzee angeniambia nini unajua mwenyewe: mwenye haraka aende akauze samaki.

Lakini hata kule kukwangua kulinifaa. Nimegundua kazi hii inanigawia usiku. Leo matundu ishirini. Kesho gundi, na gundi haikubali kuguswa mpaka kesho kutwa, basi kesho kutwa nina sababu ya kuamka. Mikono inanuka mbao. Nalala kwa sababu nimechoka, silali kwa sababu ni giza. Daktari aliniambia nitumie mafuta ya ini la samaki na nitoke nje ule mwanga wa buluu unapokuja, nami nafanya yote mawili, lakini kilichonirudisha ni chombo.

Na sasa shida yangu, ambayo ndiyo sababu ya barua.

Mwezi uliopita jirani alikuwa ananionyesha ukingo wa mashua yake. Kuna kigingi cha mbao kinachozuia kasia, wanakiita keip, na kitanzi cha kamba kinacholishika lisikimbie, wanakiita hamleband. Nikakishika kile kitanzi. Nimekishika maisha yangu yote, nimekisokota mwenyewe nikiwa na miaka saba, na jina lake kwa lugha yetu halikuja. Akaniuliza, "Ninyi mnakiitaje?" nikakaa kimya. Nilijua neno la Kinorwei, la kwetu sikuwa nalo. Siku nne nilitembea na lile tundu kichwani. Siku ya tano nikiwa napiga msasa likaja lenyewe: kishwara. Nililitamka kwa sauti, peke yangu kule chini, mara tatu.

Tangu hapo nimekuwa nikijihesabia. Mkuku ninao, mataruma ninayo, fashini, foromali, deheni, vyote ninavyo. Lakini ule ubao wa ndani unaokaliwa na vichwa vya mataruma? Kile kipande kinachoziba pale mkuku unapokutana na fashini? Ile namna Mzee alivyokuwa akiita mstari wa kwanza wa mbao, na wa pili? Nayaona yote, siwezi kuyaita.

Kwa hiyo nakuomba. Jioni moja akiwa hana maumivu ya mgongo, kaa na Mzee bandani, anzieni omo mwende mpaka tezi, akutajie kila kitu kwa jina lake nawe urekodi kwenye simu. Usimharakishe. Akitoka nje ya mada akaanza habari za safari ya Pemba, mwache aseme, usizime.

La pili: mpwa wangu anasafiri kuja huku mwezi wa nne. Mpe kamba ya usumba, pima kumi hivi zatosha, iliyosokotwa kwa mkono na kina mama, si ya dukani. Shaba nimeitumia kushonea, lakini vishwara vya makasia nataka viwe vya usumba. Mwishoni mwa mwezi wa tano theluji ikishaondoka kwenye gati tutaishua, mimi na jirani, usiku wa manane jua likiwa bado juu. Nitakupigia ukiwa macho, na simu mpe Mzee aone.

Wako,
Mtu wako wa Nungwi