Mhariri, spea za jeshi nani anazihesabu?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Siku hizi kila nikishika simu nakutana na vijana wanabishana jeshi lipi kali Afrika Mashariki, mmoja analeta orodha ya ndege, mwingine ya vifaru, wa Kenya anamtukana wa Tanzania, wa Uganda anaingia na ndege zake za Sukhoi, yaani utadhani ni Simba na Yanga. Na magazeti nayo yameanza kuzichapa hizo orodha kama zilivyo. Mimi ni fundi diseli, nimezeekea gereji, swali langu ni la kifundi tu: kwenye hizo namba, ngapi zinawaka asubuhi? Maana kwenye karatasi gari lililo juu ya mawe na gari linalotembea yote yanahesabiwa moja moja.

Wanaopenda orodha wakasome yaliyotokea Chad mwaka 1987. Chad eneo ni kubwa lakini ilikuwa maskini wa kutupwa, bahari haina, mafuta yake ilikuwa bado haijaanza kuyauza, watu kama milioni 5 hivi, na wenyewe kwa wenyewe walikuwa wamepigana miaka. Kaskazini yote Libya ya Gaddafi imeshaingia na kujenga kambi. Na Libya ile hela ya mafuta ilikuwepo, ikaenda kwa Warusi ikanunua kila kitu, vifaru vya T-55, magari ya deraya ya BMP, helikopta za Mi-25, ndege za kila aina, makombora ya SA-6 ya kutungulia ndege. Vitu vingi mpaka watu wa kuviendesha hawatoshi, vingine vimekaa stoo tu, na mafundi wengi ni wa kuazima kutoka nje.

Chad wao walikuwa na nini? Toyota. Hilux na Land Cruiser za pikapu, zinatajwa kama 400, hizi hizi ambazo kwetu zinabeba mbuzi wa mnadani. Nyuma wamefunga bunduki kubwa au kombora la Milan la kupigia vifaru walilopewa na Wafaransa, vijana wamejazana kwenye bodi, vilemba vimefunika uso kwa ajili ya vumbi, madumu ya mafuta na maji humo humo.

Tarehe 2 Januari 1987 Wachadi wakaingia Fada, mji wa kaskazini uliokuwa mikononi mwa Walibya. Hesabu inayotajwa ni kwamba vifaru 92 vya T-55 viliteketezwa siku ile na BMP 33, vingine vikatekwa vizima, Walibya zaidi ya 700 wakafa. Chad ilipoteza askari 18 na Toyota 3. Rudia kusoma hapo, Toyota tatu!

Sasa watu wakisikia hivi wanasema ni ushujaa, na ushujaa ulikuwepo sikatai, watu wale wa jangwani ukoo kwa ukoo ni wapiganaji na kamanda wao Hassan Djamous alikuwa na akili nyingi sana za vita. Ila muulize fundi. T-55 ni tani 36 za chuma, ndani watu wanne, joto la kule unalijua, dereva anachungulia kwenye kitundu, mchanga unaziba filta ya hewa na usipoisafisha kila mara injini inakosa nguvu, inachemka, mwisho inakufa. Mnyororo ukikatika hapo hapo ulipo ndo umelala. Spea inatoka Ulaya, fundi anayejua ni mgeni na mkataba wake una tarehe ya kuisha. Halafu Walibya wakavichimbia vile vifaru wakae navyo wasubiri adui, wamesahau kwamba kifaru kisichotembea ni mzinga tu wenye bati nene.

Toyota ikiharibika dereva mwenyewe anafungua boneti, klachi anabadilisha chini ya mti, ikishindikana kabisa unang'oa unachotaka unaweka kwenye nyingine. Na Milan siyo kitu cha ajabu, linabebeka, linaongozwa na waya mwembamba, linafika kama kilometa 2. Mpigaji inabidi aendelee kulilenga lile shabaha mpaka kombora ligonge, sekunde kumi na kitu hivi, kisha gari linageuza linapotea vumbini kabla yule mwenye mzinga wa milimita 100 hajamaliza kuzungusha kichwa cha kifaru chake. Wengine wanasimulia kuwa zile Toyota zilipita juu ya mabomu ya ardhini kwa spidi ya 100 na zaidi yakalipukia nyuma, hilo mimi sitaliapia.

Machi 22 ikaanguka Ouadi Doum yenyewe, kambi yenye uwanja wa ndege wa zaidi ya kilometa 3. Kamanda aliyetekwa pale ni Khalifa Haftar, ndio, huyu huyu unayemsikia kwenye habari za Libya ya leo. Vifaa vilivyoachwa vilikuwa vizima vingine havina hata mkwaruzo, mpaka mwaka uliofuata Wamarekani wakaja usiku na helikopta kubwa ya Chinook wakaining'iniza Mi-25 moja kuichukua wakaichunguze kwao. Fikiria, mtu ananunua silaha kwa hela ya nchi halafu anakuja kuichukua hasimu wake bure.

Nisieleweke kwamba nasema tununue Hilux tufunge na bunduki basi tumemaliza. Bila Ufaransa kuwazuia Walibya angani mambo yangekuwa mengine, na ushahidi upo, Agosti mwaka ule ule Chad ikachukua Aouzou huko kaskazini kabisa mpakani na Libya, Wafaransa wakasema huko hatuwafuati, Libya ikapiga kwa ndege na tarehe 28 ikairudisha mikononi mwake. Jeshi lisilo na kitu cha kuangalia juu linakuwa jeshi la nusu. Chad ikajibu kwa kuvuka mpaka tarehe 5 Septemba, ikaivamia kambi ya Maaten al-Sarra ndani ya Libya yenyewe, ikachoma ndege zikiwa chini, ikageuza ikarudi, siku sita baadaye vita ikasimama. Aouzou wakaja kuipata kwa mahakama ya kimataifa mwaka 1994. Na Habré aliyekuwa rais wa Chad wakati huo bunduki zake hazikuishia kwa Walibya, mwaka 2016 kule Dakar alihukumiwa kwa aliyowafanyia raia wake, hiyo nayo isemwe.

Wenzetu wa Kagera na Uganda hawahitaji kuambiwa kuhusu Chad, walishawaona Walibya kabla. Machi 1979 Gaddafi alimletea Amin askari na vifaru hivyo hivyo vya T-55, wakakutana na jeshi letu Lukaya kule Uganda. Usiku wa kwanza walitusukuma nyuma kweli. Lakini brigedi yetu ya 208 ikazunguka ikatokea nyuma yao kwenye barabara ya Kampala, asubuhi ya tarehe 11 mambo yakageuka. Na silaha iliyobaki midomoni mwa Waganda mpaka leo ni ile waliyoiita Saba Saba, yaani BM-21, mtambo wa kurusha roketi. Ukiitazama kifundi ni lori la Ural lenye mabomba 40 mgongoni. Lori! Springi, difu, gia boksi, vitu ambavyo fundi wa malori wa Mwanza au Morogoro anavijua akiwa amefumba macho. Libya nao walikuja nazo hizo hizo, kwa hiyo siyo kwamba sisi tulikuwa na kitu cha ajabu, tulikuwa na watu waliokizoea.

Sasa njoo kwenye manunuzi yetu huku. Uganda miaka ya tisini ilinunua helikopta za Mi-24 zilizotumika, zilipokaguliwa ikaonekana hazifai kuruka, mpaka ikaundwa tume ya Jaji Julia Sebutinde. Agosti 2012 Mi-24 zao tatu zikaangukia Mlima Kenya zikiwa njiani kwenda Somalia, adui hajarusha hata risasi moja. Na sisi tusicheke, sisi ni wa rada. Paundi milioni 28 kwa mtambo ambao wataalamu walishasema ni wa bei kubwa kuliko mahitaji, na ikaishia Waingereza kuturudishia chenji ya rada, milioni 29 na nusu, zikanunua vitabu na madawati. Watoto wamekalia madawati ya rada, ni heri, ila nchi haijengi ulinzi kwa kusubiri kurudishiwa chenji.

Na kuna jambo ambalo hawa wabishi wa mtandaoni hawaligusi kabisa, nalo ni kutunza. Risasi na makombora vina umri, baruti inachoka, joto na unyevu wa pwani vinaiharakisha, inatakiwa kukaguliwa, ya zamani iharibiwe kwa utaratibu. Kumbuka maghala ya mabomu ya jeshi yalivyolipuka Dar es Salaam: Mbagala 29 Aprili 2009. Gongo la Mboto 16 Februari 2011. Watu 20 na zaidi walikufa kila mara, nyumba zikabomoka, watoto wakakimbia na kupotezana na wazazi wao. Kwenye zile orodha za mtandaoni hizo shehena zilikuwa zinahesabiwa kama nguvu za jeshi! Congo Brazzaville nao yakawakuta Machi 2012, kwao waliokufa walipita 200.

Najua mtu ataniambia mzee hizo ni siri za jeshi, acha. Sijauliza tuna makombora mangapi wala yamewekwa wapi, hayo yabaki siri. Nauliza vitu ambavyo hata adui akivijua havimsaidii. Tukinunua mtambo, mkataba una spea za miaka mingapi? Vijana wetu wanafundishwa kuufungua na kuufunga, au likiharibika la kuharibika tunampigia simu mzungu apande ndege? Maghala mapya yako mbali na makazi ya watu kiasi gani? Na lile shirika la jeshi la magari la Nyumbu pale Kibaha lililotengeneza lori letu wenyewe tangu miaka ya themanini, linapewa hela ya kutosha au linakumbukwa siku ya maonesho tu? Shirika la Mzinga la Morogoro linalotengeneza risasi je? Kwangu mimi karakana ya Nyumbu ikiwa na mashine nzuri za kuchonga vyuma na vijana waliosoma VETA wakalipwa vizuri wasikimbilie migodini, ni silaha kubwa kuliko ndege mbili zinazopita juu ya uwanja siku ya gwaride tukazipigia makofi.

Ombi langu Mhariri ni hili. Bajeti ya Wizara ya Ulinzi ikisomwa Dodoma, msituletee tena jedwali la nani ana vifaru vingi. Tuma mwandishi aombe kibali aende Kibaha, aongee na mafundi, aangalie mikono yao ina grisi au ina vumbi, awaulize mara ya mwisho walipokea vyuma na vipuri lini, kisha aandike. Akisema hajui kutofautisha injini nzima na iliyokufa, nauli ya basi kutoka Mwanza ninayo, nitamfuata huko huko.

Fundi diseli,
Mwanza